Jaji Motley na Dai la Upendeleo

Mnamo mwaka wa 1975, kampuni ya mawakili ya Sullivan & Cromwell ya New York, iliyoshtakiwa kwa kuwabagua wanawake katika ajira, ilimtaka Jaji Constance Baker Motley ajiondoe katika kesi hiyo. Ilidaiwa kwamba mwanamke mweusi aliyewahi kuwatetea waliobaguliwa hangeweza kuamua bila upendeleo. Motley alikataa. Alieleza kwamba iwapo jinsia au rangi pekee ingetosha kumwondoa jaji, basi hakuna jaji yeyote wa mahakama ile ambaye angeweza kuisikiliza kesi, kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa wakili na ana jinsia.

Jibu hilo lafaa kumakinikiwa. Dhana kwamba jaji wa haki ni yule asiye na historia ni dhana potovu. Aghalabu huwa na maana ya jaji ambaye historia yake imezoeleka hata haionekani tena. Ni nani aliyewahi kuwataka majaji wanaume weupe wajiondoe kwa kuwa wanaume weupe?

Historia ya Motley haikufichika. Alizaliwa New Haven mwaka wa 1921, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka kisiwa cha Nevis. Tajiri mmoja aliyemsikia akihutubia ndiye aliyemlipia karo. Mwaka wa 1945 alijiunga na Thurgood Marshall, wakili yule yule aliyefika Lancaster House mwaka wa 1960 kuwasaidia Waafrika wa Kenya kuhusu haki za kimsingi katika katiba. Motley ndiye aliyemwakilisha James Meredith hadi akaingia Chuo Kikuu cha Mississippi mwaka wa 1962. Katika Mahakama ya Juu alitetea kesi 10, akashinda 9.

Rais Johnson alipomteua mwaka wa 1966, Seneta Eastland wa Mississippi alikwamisha uteuzi huo kwa miezi kadhaa. Hatimaye akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji wa shirikisho. Alihudumu katika mahakama hiyo hadi alipofariki mwaka wa 2005, wala hakupandishwa hadi mahakama ya rufaa.

Wapo wanaouona huo kuwa upungufu. La hasha! Jaji wa rufaa husoma majalada. Jaji wa mahakama ya mwanzo ndiye amwonaye shahidi akitokwa na jasho. Ni katika kiti hicho ambapo Motley, mwaka wa 1978, aliamuru wanahabari wa kike wasizuiwe kuingia katika vyumba vya wachezaji katika uwanja wa Yankee, mahali ambapo wenzao wa kiume walikuwa wakiingia bila kuulizwa.

Na ile kesi moja aliyoshindwa? Ilihusu kuwaondoa weusi katika baraza la wazee wa mahakama huko Alabama. Ilikataliwa mwaka wa 1965. Mwaka wa 1986, Mahakama ya Juu iliutengua msimamo wake, Motley akiwa angali kitini.