Haki ya Miaka Saba

Msomaji, watu wengi husema ya kwamba hataza ni ngao ya mvumbuzi. Mtu aliyebuni kitu kipya hukieleza wazi mbele ya serikali, naye hupewa haki ya kukitengeneza na kukiuza peke yake kwa muda wa miaka 20. Mimi nasema ngao hiyo ni nzito mno, wala mnyonge hawezi kuiinua.

Itazame kesi ya TiVo. Kampuni hiyo ya California iliomba hataza mwaka 1998, ikapewa mwaka 2001, kwa chombo cha kunasia vipindi vya televisheni. Mwenye chombo hicho aweza kuusimamisha mpira katikati ya mchezo, akanywa chai yake, kisha akaendelea kutazama pale alipoachia, huku chombo kikizidi kunasa yanayotendeka uwanjani. Januari 2004 TiVo iliishtaki EchoStar, wauzaji wa televisheni ya setilaiti, katika mahakama ya Texas, ikidai ya kuwa ving'amuzi vyao vimeuiga uvumbuzi wake. Aprili 2006 baraza la raia waliosikiliza kesi likaafiki, likataja fidia ya karibu dola milioni 74. Je, mambo yakaisha? Hata kidogo! Mshtakiwa akakata rufani. Kisha akabadili programu iliyomo katika ving'amuzi, akasema sasa haigi tena. Mahakama ikamwona amedharau amri yake, naye akakata rufani nyingine. Walipatana Mei 2011, kwa dola milioni 500.

Hesabu mwenyewe. Ni miaka saba na miezi kadhaa! TiVo iliweza kungoja, hata katika miaka ya hasara, kwa kuwa ilikuwa na mawakili hodari na wenye hisa nyuma yake.

Sasa mfikirie fundi wa Mbita aliyebuni taa mpya ya kuvulia omena usiku. Huenda fundi huyo ukawa wewe unayesoma fizikia leo. Haupiti mwezi, tajiri wa mjini ameichungua taa ile, ameunda elfu moja, naye aziuza kwa bei ya chini. Utafanya nini? Hataza hutolewa Nairobi. Wakili hataki samaki, ataka fedha taslimu. Nawe ukingoja miaka saba, taa yako itakuwa imekwisha kuzeeka, na watoto wako wamerudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Mwenzangu mmoja chuoni hunijibu ya kuwa Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 imeweka pia hati ya miaka 10 kwa uvumbuzi mdogo. Ni kweli, nami naishukuru. Lakini hati hiyo nayo ikivunjwa, hutetewa kwa wakili yule yule na kwa nauli ile ile. Mwenzangu hapo hunyamaza, akaomba chumvi.

Sitaki sheria ifutwe. Nataka baraza lihukumulo mashauri haya lifunge safari, lipewe miezi maalumu ya kutoa hukumu, na asiye na wakili awekewe mmoja na serikali. Mchimbaji dhahabu wa Macalder akibuni kinu cha kusagia mawe, kisha kikaigwa, shauri lake lisikilizwe Migori, kinu chenyewe kikiwa mbele ya mahakimu, kabla hakijashika kutu.