Kuponya Nusu si Kuponya

Mabepari wa Marekani hujigamba kwamba kwao majeruhi hafukuzwi hospitalini. Ni kweli: sheria ya mwaka 1986 inazilazimisha takriban hospitali zote zenye huduma ya dharura kumpokea hata asiye na senti. Lakini sheria hiyo huokoa roho tu. Mazoezi ya kumwezesha kutembea tena huuzwa. Mwaka 2010 Bunge lao liliamua kupanua Medicaid, bima ya umma ya wanyonge. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikayaachia majimbo hiari. Palipokubaliwa, majeruhi wengi zaidi walipata tiba hiyo. Texas imekataa mpaka leo, na waumiao ni wavuja jasho. Kumwokoa mnyonge kisha kumwacha kilema kwa kukosa fedha si huruma. Ni kuudhihaki utu wake.