Mgeni Njoo, Bando Liishe

Nimekuwa kimya wiki mbili hivi, kazi za gazetini zimenibana kooni, lakini leo nina hasira na nisipoiandika sitalala.

Kuna binti tunapanga nyumba moja hapa Mlandege. Ana stashahada ya uuguzi, na huu ni mwaka wa pili hana kazi, anamsaidia mama yake kuuza mitumba. Mwezi uliopita taasisi moja ya umma (jina nalihifadhi, msinibembeleze) ilitoa orodha ya walioitwa kwenye usaili Dodoma. Jioni binti akaingia kwenye tovuti yao kwa simu yake. Kwanza ikaja picha kubwa ya mkuu wa taasisi akikata utepe. Ikateleza, ikaja ya mkuu huyo huyo akipokea cheti. Ikateleza tena, sasa amevaa kofia ya ujenzi. Kisha kikaruka kidirisha cha kumpongeza mtu kwa uteuzi, na ile alama ya kukifunga iko nje ya kioo cha simu. Bando la shilingi mia tano likaishia hapo, kwenye pongezi.

Akanunua jingine. Tangazo akalipata: faili la PDF la megabaiti 38. Ni karatasi zilizochapwa, zikapigwa mhuri, kisha zikaskaniwa moja moja, kwa hiyo hata ukiandika jina lako ulitafute, simu haioni maandishi, inaona picha tu. Faili likakatikia njiani. Asubuhi akashuka mpaka steshenari ya Miyomboni, dada wa pale akamfungulia, wakaanza kusoma jina kwa jina. Alikuwepo. Ukurasa wa 61. Usaili ulikuwa siku hiyo hiyo saa mbili asubuhi, na wakati huo ilikuwa inakaribia saa nne. Kutoka Iringa hadi Dodoma kupitia Mtera ni zaidi ya kilomita 250, jamani.

Mtaniambia angenunua bando kubwa, au angewahi steshenari jana yake. Sawa. Lakini kwa nini mzigo wote abebe mgeni, na mwenye nyumba asibebe hata kiti? Wahenga wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Siku hizi mgeni anakuja mwenyeji apigwe picha.

Nilimpelekea kisa hiki rafiki yangu ambaye ni fundi wa tovuti. Nilidhani atatetea ufundi wake. Akacheka, akasema, "Kaka, mimi silipwi na huyo binti." Hapo ndipo nilipoelewa. Fundi anamaliza kazi, anaifungua ofisini kwenye kompyuta yenye kioo kipana, intaneti ya bure, mkurugenzi amesimama nyuma yake na chai mkononi. Mkurugenzi anaona picha yake inateleza vizuri. Anasaini malipo. Tovuti imekwisha! Hakuna aliyeijaribu kwa simu iliyopasuka kioo, yenye chaji asilimia tisa, Pawaga au Idodi, mahali ambapo mtandao unakuja ukiegemea mti fulani. Tovuti nyingi za nchi hii zimetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja tu, yule anayelipia kazi, na yeye ndiye hahitaji kabisa kuisoma. Anajua tayari kilichomo.

Sasa niwape mfano wa kinyume, na najua mtanicheka. Ukurasa uliotengenezwa vizuri kuliko yote Tanzania, kwa maoni yangu, ni ule wa matokeo ya mitihani wa NECTA. Ndiyo, ule ule mbaya! Hauna picha, hauna kinachoteleza. Orodha ya shule kwa herufi, unabofya shule yako, linakuja jedwali la namba za watahiniwa, jinsi, daraja na masomo. Basi. Uzito wake ni wa kilobaiti. Watahiniwa wa kidato cha nne ni zaidi ya nusu milioni kwa mwaka, na nyuma ya kila mmoja kuna mama, mjomba na mwalimu mkuu, wote wanafungua siku moja, wengine kwa simu ambazo hata betri zimefungwa kwa mpira. Ni kweli siku ya kwanza mlango unajaa watu hadi haupitiki, hilo silikatai. Ila ukishaingia, umeona. Aliyeutengeneza alijua mgeni anakuja kutafuta kitu kimoja, akiwa anatetemeka, na hakutaka kumchelewesha kwa hotuba.

Msifikiri nasema picha ni dhambi. Angalieni historia yetu wenyewe. Ndesanjo Macha alipoanza blogu ya Jikomboe mwaka 2004 yeye akiwa Marekani, wasomaji wake wengi wa Bongo walikuwa kwenye vibanda vya intaneti wanalipa kwa nusu saa, jicho moja kwenye maandishi na jingine kwenye saa ya ukutani. Alichowapa ni maneno, na maneno hufunguka haraka. Mwaka 2005 akaja Issa Michuzi, yeye mpiga picha, akajaza picha kutoka juu hadi chini. Ilikuwa nzito, tena nzito kweli. Ila watu waliifuata kwa sababu ya picha hizo hizo! Harusi ya fulani, msiba wa fulani, nani kaonekana wapi. Uzito si tatizo kama ndio bidhaa yenyewe. Tatizo ni kumuuzia mtu kilo ya chumvi ukampimia na jiwe ndani yake.

Na hapa lazima nijibu wale wanaosema mambo yamebadilika, sasa kuna mkongo wa baharini (ule wa Seacom ulifika Julai 2009), kuna 4G, watu wana simu janja. Barabara imepanuliwa, lakini na malori nayo yamenenepa. Wale wa HTTP Archive, ambao kazi yao ni kupima uzito wa kurasa za mtandaoni duniani, waliona ukurasa wa kawaida mwaka 2010 ulikuwa kama nusu megabaiti. Ilipofika 2022 ulikuwa umevuka megabaiti 2. Na anayelipia tofauti hiyo ni binti wa Mlandege, kwa vocha. Zamani kidogo Opera Mini ya Wanorwe, iliyosambaa dunia nzima mwaka 2006, ilitusaidia kwa kuubana ukurasa huko kwenye mitambo yao kabla haujafika kwenye simu zetu za vitufe. Yaani mtu wa Oslo alimfikiria mteja wa Iringa kabla ya ofisi ya Iringa haijamfikiria. Hili linaniuma kidogo.

Serikali yenyewe iliwahi kulijua jambo hili. Mwaka 2017 halmashauri zote zilipata tovuti za muundo mmoja, kwa msaada wa mradi wa PS3 uliofadhiliwa na Marekani, na mle kukawekwa sehemu inayoitwa Ningependa Kujua. Kiswahili safi, na swali ni la mwananchi, si la bosi. Anayetaka leseni ya biashara aanzie hapo. Wazo zuri sana. Mimi ningelipandisha juu kabisa, na picha za ziara nikazishusha kule chini kwenye anwani ya posta.

Kabla hamjaniuliza: na gazeti lako je? Gazeti langu sitalitaja kwa kuwa nina kodi ya kulipa. Ila nilisimama kwenye kikao nikasema habari yetu moja ina vidirisha vitatu vya matangazo kabla ya aya ya kwanza. Nikaambiwa mimi ni mwandishi, niandike.

Nikarudi nyumbani nikatazama blogu hii hii. Aibu! Nilikuwa na picha inayoteleza juu, mimi na kamera yangu. Nilikuwa na saa ya ukutani inayozunguka pembeni, kana kwamba msomaji hana saa kwenye simu. Nilimpa yule binti aifungue kwa simu yake, mimi nikihesabu. Sekunde 41 kabla hajaona neno langu la kwanza, na neno lenyewe lilikuwa "karibu". Nimeviondoa vyote jana usiku. Imebaki hivi mnavyoiona, nyeupe kama kanga iliyofuliwa mara mia. Jamaa mmoja kanitumia ujumbe asubuhi kuuliza kama nimedukuliwa.

Binti anasubiri tangazo jingine, wamesema huenda likatoka mwezi ujao. Tumekubaliana likitoka nitalifungua mimi ofisini, nitafute jina lake, nimpigie.