Pikipiki kuukuu za Garsen zitakaguliwa wapi?

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inatamka katika kifungu cha 55 kwamba chombo chochote kinachotumiwa barabarani sharti kiwe katika hali isiyoweza kumhatarisha mtu. Kifungu hicho hakibagui. Lori la mafuta litokalo Mombasa na pikipiki ibebayo maembe kutoka Ngao hadi Garsen yote yamo chini ya amri moja. Aidha, sheria hiyo inataka vyombo vilivyopita miaka minne tangu kuundwa vikaguliwe.

Hayo ni maandishi. Tukitoka kwenye maandishi tukaingia Kaunti ya Tana River, tunakuta mambo mengine kabisa. Mara kwa mara huwasikia watu wakiuliza iwapo pikipiki kuukuu zaweza kupita ukaguzi wa kila mwaka. Naona swali hilo limeanzia katikati. La kwanza la kuulizwa ni hili: mwendeshaji wa Garsen ataipeleka wapi pikipiki yake ikaguliwe?

Vituo vya Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ni vichache na vimejengwa katika miji mikubwa. Kutoka Garsen hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 200. Kumwambia mtu mwenye pikipiki iliyochakaa aiendeshe mwendo huo, kando ya mabasi na malori, ili akaambiwe kuwa haifai kuendeshwa, ni kichekesho kisichochekesha. Akiamua kuipakia kwenye lori, gharama yake itakula mapato ya siku kadhaa. Matokeo yake ni kwamba mwenye pikipiki hubaki nyumbani, sheria nayo hubaki kitabuni. Hukumbukwa tu pale mtu anaposimamishwa njiani, na hapo mara nyingi hugeuka kuwa kisingizio cha kudai kitu kidogo.

Ni vyema tukumbuke jinsi tulivyofika hapa. Mwaka 2008 serikali iliondoa ushuru wa thamani kwa pikipiki zenye injini isiyozidi cc 250. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwa kuwa uliwapa vijana kazi na ukavipa vijiji usafiri. Katika delta ya Tana, ambako vijiji kama Chara na Ozi viko mbali na lami, pikipiki ndiyo teksi, ndiyo mkokoteni, na usiku ndiyo ambulensi impelekayo mja mzito hospitalini Ngao. Lakini aliyefungua mlango wa kuingiza pikipiki hakufikiria zitakavyokuwa baada ya miaka kumi na mitano. Zilipokelewa zikiwa mpya na sasa zinazeeka mikononi mwetu.

Je, uzee wa pikipiki ni nini hasa? Uingereza ilianza ukaguzi wa kila mwaka mwaka 1960, kwa magari yaliyotimiza miaka kumi. Siku hizi pikipiki hupelekwa kukaguliwa huko inapotimiza miaka mitatu. Takwimu za huko zimeonyesha kwa miaka mingi kuwa pikipiki hufeli mara chache kuliko magari madogo, na kasoro za taa ni miongoni mwa sababu kubwa za kufeli. Tena tangu mwaka 2018 vyombo vingi vilivyopita miaka 40 vimesamehewa ukaguzi huo, kwa hoja kwamba wenyewe huvitunza kama mboni ya jicho na huvitumia kwa nadra.

Msomaji asidanganyike na habari hizo. Pikipiki kuukuu ya Uingereza hulala bandani wakati wa baridi na hutolewa siku ya jua. Iliyotupwa kwa ubovu haifiki kwa mkaguzi, kwa hiyo haihesabiwi. Zinazohesabiwa ni zile zilizopendwa. Ya Garsen haina siku ya mapumziko. Tuseme inakwenda kilomita 100 kwa siku, siku sita kwa juma. Kwa mwaka mmoja itakuwa imekwenda zaidi ya kilomita 31,000, na kwa miaka mitatu zaidi ya 93,000, ikiwa na abiria wawili au magunia ya makaa mgongoni. Kwa hivyo kuhesabu uzee kwa miaka pekee ni kupima maji kwa ungo.

Isitoshe, kuna ardhi yenyewe. Kiangazi, vumbi la Tana River huingia kwenye mnyororo na beringi likasaga chuma kama tupa. Masika, udongo mweusi huganda kwenye magurudumu. Mto unapofurika, kama ulivyofanya mwishoni mwa mwaka 2023 na tena mwezi wa Aprili na Mei mwaka 2024, pikipiki huvushwa majini, na breki zikiloa hazishiki mpaka zikauke. Chombo kilichopitia hayo hakiwezi kulinganishwa na cha umri ule ule kilichokaa Nairobi.

Kuna pia suala la umiliki ambalo wakubwa hawapendi kuligusa. Vijana wengi wanaoendesha pikipiki si wenye mali. Jioni humpelekea tajiri hesabu yake, na kinachosalia ndicho chakula cha nyumbani. Breki zikilika, tajiri husema ni kazi ya dereva. Dereva naye husema pikipiki si yake. Katikati ya kauli hizo mbili amekaa abiria. Ukaguzi wowote utakaomwadhibu kijana na kumwacha tajiri utakuwa umemwonea mnyonge bila kuitengeneza breki.

Wapo watakaonijibu kwamba ajali husababishwa zaidi na mwendo wa kasi, ukosefu wa kofia na uendeshaji bila mafunzo. Sipingi. Mwaka 2024 watu 4,748 walikufa katika barabara za Kenya kwa hesabu ya NTSA, na waendeshaji pikipiki walikuwa miongoni mwa makundi yaliyoumia zaidi. Ukaguzi pekee hautawafufua wala hautamaliza vifo. Hata hivyo, dereva mwenye akili timamu na leseni halali hawezi kusimama mbele ya ng'ombe waliovuka barabara ghafla iwapo breki zake zimekufa.

Mwaka 2025 serikali ilitoa rasimu ya kanuni za ukaguzi ili wananchi watoe maoni, na humo limo wazo la kuruhusu vituo vya watu binafsi. Wazo si baya, ila mfanyabiashara hujenga palipo na wateja wengi. Atajenga Nairobi na Mombasa kabla hajaiota Garsen. Tujifunze pia kwa jirani. Uganda iliipa kampuni ya kigeni ya SGS kazi ya kukagua magari, watu wakalalamikia ada, na mwaka 2017 Bunge likasimamisha zoezi hilo. Umma ukiona ukaguzi ni mradi wa fedha, huukataa hata kama una manufaa.

Maoni yangu ni kwamba ukaguzi uwafuate watu. NTSA iwe na kikosi kinachozunguka, kifike Garsen, Hola, Bura na Madogo kwa siku zinazojulikana mapema. Kikague mambo machache yanayookoa maisha: breki, matairi, taa, mnyororo, usukani na spoki za magurudumu. Atakayefeli apewe wiki mbili za kutengeneza na arudi bila kulipa tena. Ilani ya kasoro iandikwe kwa jina la mwenye pikipiki, si la dereva. Serikali ya kaunti, ambayo Katiba ya 2010 iliikabidhi vyuo vya ufundi vya vijijini, iwafunze mafundi wa jua kali wanaozitengeneza pikipiki hizi kila siku.

Mwisho, matokeo yatangazwe: ngapi zililetwa, ngapi zilipita mara ya kwanza, zilikuwa za umri gani na zilifelia wapi. Hapo ndipo tutakapoweza kusema kwa haki kama pikipiki kuukuu za Tana River ni hatari au zinasingiziwa. Kabla ya hapo, serikali isimhukumu mwendeshaji wa Garsen kwa kufeli mtihani ambao haijamwekea chumba cha kuufanyia.