Pumzi ya Mwokoaji Nayo Ipimwe

Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilianguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba. Watu 19 kati ya 43 walipoteza maisha. Ripoti ya awali ya uchunguzi ilieleza kuwa boti ya uokoaji ilichelewa, na wapiga mbizi hawakuwa na hewa ya kutosha mitungini. Nami ni miongoni mwa wanaodai mitungi zaidi. Dai hilo ni la haki, lakini ni nusu tu.

Mtungi uliojaa si lazima uwe salama. Kompresa inayovuta moshi wa injini, au ambayo mafuta yake yameungua kwa joto, huingiza kaboni monoksidi: gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Katika kina cha mita 30, makali yake huwa mara 4. Ndiyo maana kiwango cha Ulaya, EN 12021, hakiruhusu zaidi ya sehemu 5 kwa milioni.

Kununua kipimo hakutoshi, kwa kuwa kihisio chake huchoka. Sharti kipewe hewa safi kisome sifuri, kisha gesi ya kiwango kinachojulikana, na kirekebishwe hadi kisome sawasawa.

Sheria inataka mizani inayompimia mkulima wa Muleba kahawa yake ihakikiwe na Wakala wa Vipimo. Je, pumzi ya mwokoaji ina thamani ndogo kuliko kilo ya kahawa? Bajeti ya uokoaji itenge fungu la gesi ya kurekebishia, na daftari la vipimo liwe wazi kwa wakaguzi.