Mombasa imepanua bandari ya mafuta, sisi tumejiandaa wapi?

Bei ya esansi Butembo ao Bunia haianzi kwenye pompi, wala kwa kadhafi anayeuza kwa chupa kando ya barabara. Inaanza Mombasa, siku meli inapofika na kukosa nafasi ya kushusha. Mwenye meli analipwa kwa kila siku ya kungoja, na pesa hiyo inapanda juu ya kila lita hadi imfikie motari wa Beni.

Huko jirani zetu wamefanya kazi. Kituo cha zamani cha Kipevu, cha mwaka 1963, kilikuwa kikipokea meli moja tu. Kile kipya, kilichofunguliwa mwaka 2022, kinapokea nne kwa wakati mmoja. Tanzania nayo imeanza kujenga matangi 15 makubwa Dar es Salaam.

Lakini bandari ni mlango tu. Kenya ilimaliza gati ya mafuta ya Kisumu, kwenye Ziwa Victoria, mwaka 2018. Ikakaa miaka kadhaa bila kazi, kwa sababu ng'ambo, Uganda, matangi ya kupokea yalikuwa hayajawa tayari. Mafuta yapo, maji yapo, na malori yakaendelea kuzunguka ziwa kwa barabara.

Leo sisi ndio tuko ng'ambo. Meli moja ya tani 100,000 za mazutu inajaza malori karibu elfu tatu. Yale yanayokuja kwetu yakifika Kasindi, haraka yote ya Kipevu inaishia hapo: karatasi ofisi hadi ofisi, na kila ofisi na mkono wake. Tangu mwaka 2002 sheria inaruhusu huduma nne tu mpakani: forodha, OCC, uhamiaji na usafi. Mwenye kupita Kasindi ahesabu mwenyewe.

Kinshasa ikisema bandari, inasema Banana. Ni vizuri kwa magharibi, lakini hakuna lori la mafuta litakalotoka Atlantiki hadi Beni.

Tangu mwaka 2022 inchi yetu ina kiti katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kitumiwe kudai nafasi ya mafuta yetu katika bandari hizo. Na kwa upande wetu, wakubwa wa Kivu ya Kaskazini na Ituri watuambie: matangi ya akiba ya jimbo yako wapi, na yanatosha siku ngapi barabara ikifungwa?