Sindano ya Mkono na Cherehani

Juma hili tuzungumze juu ya ushonaji. Wengi wenu mmepata kuona picha za wanaume wa Uskoti wakipuliza zumari zao za mfuko, wamevaa vazi la marinda lifikalo magotini. Vijana hucheka na kusema, "Tazama, baba mzima amevaa sketi!" Vazi hilo huitwa kilti, na fundi wa nguo akipata kulishika mkononi hatacheka hata kidogo.

Kilti kamili ya mwanamume huchukua kama yadi 8 za kitambaa kizito cha sufu chenye mirabaraba. Yadi 8 kwa kiuno kimoja! Mbele huachwa bapa, na nguo yote iliyobaki hukunjwa marinda kwa nyuma, nayo mara nyingi hupita 20. Hapo ndipo kazi ilipo. Kila rinda hapana budi liwe pana kidogo penye nyonga na lipungue likipanda kiunoni, na papo hapo mistari ya kitambaa ikutane sawasawa, hata mtu akitazama kwa nyuma aone mirabaraba ile ile kana kwamba nguo haikukunjwa kamwe. (Vikosi vya askari hupenda namna nyingine: mstari mmoja hujirudia katikati ya kila rinda.) Ukikosea upana wa nyuzi mbili tu katika kila rinda, ukifika la 25 kosa limekwisha kuwa la vidole viwili, na kilti haimtoshi mwenyewe.

Fundi wa mkono hushona rinda moja moja, akivuta mstari mahali pake kwa ncha ya sindano kabla ya kuupigilia uzi. Mshono wake mdogo hujificha penye ukingo wa rinda. Kisha hukata nguo iliyozidi ndani ya marinda ili kiuno kisivimbe, hutia kitambaa kigumu cha kushikilia umbo, hutia bitana, na mwisho kanda za ngozi na bizimu. Kazi hii yaweza kumla saa 20, na wengine hupita hapo.

Cherehani hufupisha kazi hiyo sana. Lakini ninyi mnaoishona nguo mnaijua tabia yake: meno ya chini huivuta nguo ya chini, na ile ya juu hubaki nyuma kidogo. Katika kanga hakuna anayeona. Katika mirabaraba ya sufu, mistari huachana. Fundi hodari hulizuia jambo hilo kwa pini nyingi na bandi, na kilti yake huwa imara na yenye kupendeza. Mvivu hupitisha tu. Basi si kweli kwamba kila kilti ya cherehani ni mbovu, wala si kila ya mkono ni njema. Kitambaa chepesi kilichoshonwa kwa mkono kitabaki kuwa chepesi.

Tofauti kubwa huonekana baada ya miaka mingi. Mshono wa mkono hufumuliwa kwa upole, na kilti yaweza kupanuliwa baba anenepapo au kupunguzwa airithipo mwanawe. Kwa sababu hiyo Waskoti wengi huihesabu kuwa mali ya ukoo.

Msidhani watu hao waliiogopa mashine. Kumbe nchi yao ndiyo iliyokuwa na kiwanda kikubwa sana cha cherehani za Singer, mjini Clydebank, karibu na Glasgow. Kilianza kazi mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980. Hata leo kituo cha garimoshi cha pale huitwa Singer. Huko zilitoka nyingi za zile cherehani nyeusi zenye maandishi ya dhahabu zilizopelekwa katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza, na pengine moja ingali barazani kwa jirani yako.

Jambo linaloniudhi mimi ni udanganyifu wa bei. Muuzaji huitangaza kilti kuwa ya mkono, kumbe mkono umetia bizimu tu. Mnunuzi naye hana haki ya kutaka kazi ya saa 20 kwa bei ya saa 5. Huko Uskoti wengi wa washonaji hao walikuwa wanawake waliofanya kazi nyumbani kwao, wakilipwa kwa kila kilti na si kwa saa. Bei ikipunguzwa, saa zilizopotea zilikuwa zao. Hivi leo ufundi huu wa mkono umetiwa katika orodha ya kazi zilizo hatarini kupotea katika Uingereza nzima, na sishangai. Kijana gani atajifunza kazi isiyomlisha?

Sasa, mama, sketi ya shule ya binti yako yenye marinda, je, ishonwe kwa mkono? La, usimtaabishe fundi bure. Kitambaa chake hakitadumu miaka 30, na mtoto ataikua kabla haijachakaa. Cherehani yatosha kabisa. Ila mwombe aache upindo mpana chini na nguo ya akiba kiunoni, na umlipe kwa hiyo nyongeza. Nawe uichukue hila moja ya mafundi wa kilti: wao hawaondoi nyuzi za bandi zinazoshikilia marinda mpaka nguo ipigwe pasi vizuri, na mara nyingi mnunuzi hupokea kilti ingali na nyuzi hizo. Kabla ya kufua sketi ya marinda, piga bandi ndefu kwa uzi mweupe chini ya marinda yote. Fua, anika, piga pasi ya mkaa juu ya kitambaa chenye unyevu, kisha vuta uzi.